Maji Hayana Bikoni

Ofisa anayetumwa kukagua eneo la kuweka vizimba katika Ziwa Victoria, akaenda mchana wa jua katika wiki ya mbalamwezi, atarudi ofisini na ripoti isiyo na neno la uongo na bado inapotosha. Ataandika kwamba maji ni matupu. Hatakuwa ameona taa hata moja ya dagaa, kwa sababu wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapong'aa na kurudi kazini giza linaporejea. Hatakuwa ameona nyavu za makila, kwa kuwa hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Ndoano za sangara zilizotandazwa usiku kucha zitakuwa zimeshatolewa, na mitumbwi imeshafika Igombe, Kayenze au Kirumba kabla yeye hajamaliza chai yake ya asubuhi. Ripoti ya namna hiyo ikitumika kugawa maji, watu watapoteza riziki kwa sababu ya saa ambayo ofisa alichagua kupanda boti.

Gazeti hili linasema wazi: hakuna kizimba, gati, bomba wala mtambo wowote unaopaswa kuwekwa katika maji ya Ziwa Victoria kabla uvuvi unaofanyika katika maji hayo haujahesabiwa, ukachorwa na kusomwa hadharani mwaloni. Huo ni wajibu wa anayetoa kibali, na hauwezi kuachiwa mwekezaji autimize kwa niaba yake.

Tunalisema sasa kwa sababu ziwa linajengwa. Juni 19, 2025 lilifunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza, na wananchi waliozoea kusubiri kivuko kwa saa nyingi wana haki ya kulifurahia. Chanzo cha maji cha Butimba kinachota ghubani kwa ajili ya jiji linalokua kila mwaka. Bandari zinapanuliwa. Na Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki, kwa mikopo isiyo na riba, ili vijana na vikundi vya wavuvi wapate njia nyingine ya kuishi na ziwa.

Hatupingi vizimba. Sangara wamepungua, viwanda vya minofu vilivyoipa Mwanza jina tangu miaka ya 1990 vimekuwa vikisindika chini ya uwezo wake, na idadi ya wanaolitegemea ziwa haipungui. Sensa ya uvuvi ya mwaka 2016 ilihesabu wavuvi zaidi ya 200,000 katika ziwa zima, Tanzania, Uganda na Kenya. Kilo ya sato anayelelewa kizimbani inaweza kuwa kilo moja isiyotafutwa kwa kokoro. Kijana aliyepata mkopo, akanunua vifaranga na chakula, akalala juu ya maji kulinda mali yake, anastahili heshima ileile tunayompa mkulima.

Lakini kizimba kina mahali. Hapo ndipo ugumu unapoanza.

Mtego wa makila huwekwa leo hapa, kesho pale. Kizimba kikishatia nanga hakihami, na kamba zake hushuka hadi chini ya ziwa na kutanuka kuliko fremu inayoonekana juu. Mvuvi anayeacha nyavu zielee na mkondo hawezi kupita karibu nazo bila kuchanika. Mwenye ndoano hawezi kutandaza kamba yake kukatisha hapo. Ukiweka kizimba kimoja, pengo ni dogo na wanaovua watapishana nalo. Ukiweka mia katika ghuba moja, umefunga ghuba.

Na ghuba inayotakiwa na mfugaji ndiyo ileile inayotakiwa na wengine wote. Kizimba kinahitaji maji yaliyojikinga na mawimbi, yenye kina cha kutosha, karibu na nchi kavu ili chakula kifikishwe na mlinzi aonekane. Ghuba tulivu za namna hiyo, kwenye kingo zake za maji mafupi, ndizo ambamo sato huchimba viota vyake mchangani na jike hulea makinda kinywani. Humo mtumbwi wenye injini ndogo hukimbilia upepo unapogeuka ghafla usiku. Humo wazee wasioweza tena kwenda kilindini hutega nyavu mbili tatu za mboga. Ramani ya kina cha maji haioneshi lolote kati ya hayo. Wanaoyajua wapo, wanaishi hatua chache kutoka ufukweni, na hawajaandika kitabu.

Tuna sensa, mtu atasema. Ni kweli, na ni kazi ya kujivunia. Tangu mwaka 2000 nchi tatu, chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, zimekuwa zikihesabu mialo, mitumbwi, injini, nyavu na watu. Lakini sensa hiyo hufanyika mwaloni. Inatuambia ni mitumbwi mingapi inayotoka Igombe. Haituambii inakwenda wapi. Inahesabu makila, haisemi yanategwa upande gani wa kisiwa wakati wa masika na upande gani wakati wa kiangazi. Kwa kazi ya kugawa maji, nusu hiyo inayokosekana ndiyo yenye uzito.

Nchi zilizotutangulia kujenga majini zimekwama palepale. Denmark ilisimamisha mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo baharini mwaka 1991, huko Vindeby, mitambo 11 tu. Leo mitambo ya namna hiyo imejaa Bahari ya Kaskazini, na hata ziwani imefika: katika ziwa IJsselmeer nchini Uholanzi ipo 89 katika shamba moja la upepo. Kila mradi wa aina hiyo huanza kwa kuuliza nani anavua hapo. Swali hilo Ulaya ililijibu kwa miaka mingi kwa kusoma vifaa vya setilaiti vinavyofungwa kwenye meli za uvuvi zenye urefu wa mita 12 na zaidi. Boti ndogo hazikuwa na kifaa. Kwa hiyo kwenye ramani hazikuwapo, na wavuvi wa boti hizo walilazimika kuthibitisha kwa daftari na kwa mdomo kwamba bahari iliyoandikwa tupu ilikuwa inawalisha.

Tufikirie maana yake kwetu. Katika Ziwa Victoria karibu kila chombo cha uvuvi ni chombo kidogo. Tukichukua njia ya Ulaya kama ilivyo, ramani yetu itakuwa nyeupe kuanzia Ghuba ya Speke hadi Ghuba ya Emin Pasha.

Huko Massachusetts, Marekani, wavuvi walipokataa mpangilio wa mitambo uliobana njia zao, kampuni tano zenye maeneo jirani zilikubaliana mwaka 2019 kuacha nafasi ya maili moja ya baharini kati ya mtambo na mtambo, kwa mistari iliyonyooka. Wavuvi wengi bado hawakuridhika. Hata hivyo mashauriano hayo yalifanyika kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa, wakati mistari ilikuwa bado ya kalamu na ingeweza kufutwa.

Afrika Mashariki tuna somo letu wenyewe, na lilikuwa ghali. Bandari ya Lamu ilipoanza kujengwa, wavuvi wa visiwa vile waliambiwa mengi juu ya ajira na maendeleo. Njia zao za uvuvi zilichimbwa, mikoko ikakatwa. Mohamed Ali Baadi na wenzake wakaenda mahakamani mwaka 2012. Aprili 30, 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki zao, pamoja na haki ya utamaduni wao wa uvuvi, zilivunjwa. Ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Miaka sita ya kesi ilihitajika ili kuthibitisha jambo ambalo mtoto yeyote wa Lamu angelionesha kwa kidole.

Upande wa kaskazini, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo inazalisha umeme ambao Kenya inauhitaji sana. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru ilisema hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana bila kufuata sheria inayolinda ardhi ya jamii. Mitambo ilikuwa imeshasimama na inazunguka. Nani aiondoe? Kosa la mwanzo likishamwagiwa zege, hata hakimu hubaki akitafuta maneno.

Sisi wa Mwanza tuna kumbukumbu ya zamani zaidi. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 bila ziwa kuhesabiwa. Miaka ya 1980 alipotawala, watafiti wa Uholanzi kutoka Leiden waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza tangu 1977 walishuhudia samaki wadogo waitwao furu wakitoweka kwenye nyavu zao, aina baada ya aina, nyingine kabla hazijapewa jina la kisayansi. Sangara ametujengea nyumba na kusomesha watoto, hilo halifutiki. Ila hatutajua kamwe tulibadilishana naye nini, kwa sababu hesabu ilianza wakati mali inaondoka.

Sheria yetu haina udhaifu ambao wengi huisingizia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari na inataka wananchi wasikilizwe. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inatambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni, BMU, ambavyo vimekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Tanzania pia imeandaa mpango kazi wake wa kutekeleza miongozo ya kimataifa ya uvuvi mdogo ya mwaka 2014. Pengo liko kwingine. Mkulima wa Sengerema ana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ana mkutano mkuu wa kijiji, ana mti wa mpaka alioupanda babu yake. Mradi ukija juu ya shamba lake, mthamini atahesabu hadi migomba. Mvuvi wa Sengerema hiyohiyo, akishuka majini, ana leseni ya mwaka inayomruhusu kuvua na isiyompa mahali pake. Maji hayana bikoni. Akiondolewa mahali alipotega kwa miaka 30, hakuna fomu ya kujaza, kwa kuwa kisheria hakuondolewa popote.

Pengo hilo halihitaji kusubiri Bunge. Wizara ya Mifugo na Uvuvi inaweza kuagiza, na halmashauri zinaweza kutekeleza, ramani ya uvuvi kwa kila mwalo ulio karibu na eneo linalopendekezwa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo hapa Mwanza, na chuo cha uvuvi kipo Nyegezi chenye vijana wanaotafuta mafunzo kwa vitendo. Kazi yenyewe haina siri. Mtafiti akae mwaloni kwa mizunguko kadhaa ya mwezi, katika majira tofauti. Apande mtumbwi jioni, ashuke alfajiri. Achukue simu yenye ramani na aweke alama pale taa inapowashwa, pale makila yanapoanza na yanapoishia. Aulize majina, maana kila mwamba na kila mlango wa maji una jina kwa Kikerewe, Kisukuma au Kijita, na jina mara nyingi linasema samaki gani anapatikana. Aulize mitumbwi hujificha wapi upepo ukichafuka.

Na asiishie kwa wanaume wenye mitumbwi. Mwanamke anayeanika dagaa hayupo kwenye leseni yoyote ya chombo, lakini mtumbwi ukihamia mwalo wa mbali kwa sababu ghuba imefungwa, yeye ndiye wa kwanza kubaki na chanja tupu. Mchuuzi anayebeba ndoo kutoka Luchelele, muuza barafu, mshona nyavu, mama lishe: hawa wote hula kutokana na umbali kati ya mwalo na maji yenye samaki. Hesabu ya mitumbwi peke yake itawaacha nje, kama ambavyo imewaacha nje kila mara.

Tuna neno kwa BMU, na ni neno kali. Kamati ya BMU imechaguliwa na watu wa mwaloni kuwasemea. Kiongozi anayetia saini muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika, au uliofanyika na watu kumi wakati mitumbwi yote iko kilindini, ameuza kitu kisicho chake. Mkutano wa mwalo una wakati wake unaojulikana na kila mtu: siku za mbalamwezi, watu wakiwa nyumbani. Hizo ndizo siku za kusikiliza. Siku za giza ndizo za kupima. Anayezigeuza anajua anachofanya.

Wavuvi nao hawana kinga katika tahariri hii. Huwezi kudai kuhesabiwa huku unajificha. Anayevuta kokoro kwenye mazalia au kutega nyavu haramu za timba hana uwanja wa kulindwa, na hakuna mamlaka yenye akili itakayochora ramani ya uharibifu na kuiita haki. Anayefungua nyavu za kizimba cha jirani usiku ameiba, hata kama kizimba hicho kiliwekwa pasipo haki. Malalamiko hupelekwa mchana, kwa kinywa. Na anayempa mhesabu takwimu za uongo za mavuno ili akwepe ushuru, siku ya fidia atalipwa kwa takwimu hizohizo.

Tunajua kwa nini wanajificha. Mwaka 2018 Operesheni Sangara, msako wa uvuvi haramu, ilipita mialoni. Nyavu zikachomwa, faini zikatozwa, na watu wakajifunza kwamba mgeni mwenye daftari huja na kiberiti. Uvuvi haramu ulistahili kukomeshwa, lakini hofu iliyobaki ni deni ambalo Serikali inapaswa kulilipa yenyewe. Daftari la kuchora maeneo ya uvuvi lisitumike hata mara moja kama orodha ya msako. Likitumika hivyo kwenye mwalo mmoja, habari itafika Ukara kabla ya jua kuzama, na hakuna atakayesema kweli tena kwa miaka 20.

Mwekezaji, awe kampuni au kikundi cha vijana wenye mkopo, ana wajibu unaoanza siku nanga inapozama. Kizimba kiwe na maboya yanayoonekana na taa zinazowaka usiku kucha, kwa kuwa anayerudi saa tisa za usiku na samaki wake hapaswi kufa juu ya kamba ya mtu. Njia za mitumbwi ziachwe wazi kwa upana uliokubaliwa, na upana huo upimwe. Samaki wakifa kwa wingi, jambo ambalo wafugaji wa upande wa Kenya wamelipata maji yenye hewa kidogo yanapopanda kutoka chini, taarifa itolewe siku hiyohiyo kwa BMU na kwa halmashauri, na mizoga isitupwe ziwani. Mlinzi asipewe amri ya kumfukuza mvuvi aliye nje ya mpaka ulioandikwa kwenye kibali. Ukingo wa kizimba si ukingo wa milki.

Mkuu wa wilaya atasema muda ni mfupi na vijana wanasubiri vizimba vyao. Tunamjibu kwamba miezi michache ya kuhesabu ni mifupi kuliko miaka sita ya mahakama, na kwamba kijana anayewekewa kizimba juu ya mahali baba wa jirani yake anapotega amekabidhiwa ugomvi pamoja na mkopo. Atalipa vyote viwili.

Kwa hiyo tunataka mambo haya yafanyike, na tutayafuatilia kwa majina ya ofisi. Kila ombi la kibali cha kuweka kitu majini katika mikoa ya Mwanza, Geita, Mara, Kagera na Simiyu libandikwe mwaloni kwa Kiswahili, pamoja na mchoro unaoonesha eneo linaloombwa na maeneo ya uvuvi yaliyolizunguka. Libaki pale kwa mzunguko mmoja kamili wa mwezi, ili kila anayevua kwa giza na kila anayevua kwa mbalamwezi awe amerudi nchi kavu na kuliona. Pingamizi ziandikwe na zijibiwe kwa maandishi, moja baada ya moja. Pale ambapo uvuvi utalazimika kupisha mradi, wanaopisha watajwe, walichokuwa wakipata kikadiriwe, na malipo yatangulie nanga. NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, isipokee tathmini ambayo sura yake ya uvuvi imenakiliwa kutoka mradi wa ghuba nyingine. Na ofisa atakayetia saini kwamba maji ni matupu aandike chini ya jina lake tarehe aliyokwenda, saa aliyofika, na mwezi ulikuwa na umri gani.